Dua ya Huzuni katika Historia ya Kabonga
Kabonga ni mpakani mwa Burundi na Tanzania. Hapo bibi yangu husoma asubuhi na jioni dua ambayo, katika mapokezi ya Abu Daud, Mtume (S.A.W.) alimfundisha Abu Umama, aliyemkuta msikitini akiwa amelemewa na mawazo na madeni. Mja huomba kukingwa na wasiwasi wa yajayo, huzuni ya yaliyopita, woga, mzigo wa deni na kuonewa na watu.

Aprili 29, 1972 maasi yalianza Rumonge na Nyanza-Lac, yakafuatwa na mauaji ya jeshi. Wengi walikimbilia Tanzania, bibi akiwemo. Nilidhani anaisoma ili asahau. Kumbe humo ametunza 1972 yote, bila kumtaja mtu.