Ketamini ya kutumia nyumbani: usalama wake na madhara yake

Wiki iliyopita dada mmoja msomaji wetu aliyeko Marekani kaniandikia. Ana sonona ya miaka mingi, na kuna kampuni ya mtandaoni imemwambia itamtumia ketamini kwa posta, aitumie mwenyewe chumbani kwake. Akaniuliza, hii si ndiyo ile nusukaputi ya hospitali za kwetu? Mie si daktari, nimeishia form four, ila nimesoma na haya ndiyo niliyoyapata.

Ndiyo dada, ni ile ile. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens, ikaruhusiwa huko 1970 kwa ajili ya kulaza watu kabla ya upasuaji. Hospitali zetu ndogo zinaipenda kwa sababu kwa kawaida mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe hata kama mashine ya usingizi haipo. Kwa hiyo si sumu jamani. Lakini pale hospitali kuna mtu amesimama kichwani kwako anakuangalia, hilo ndilo la kushika hapa.

Kwa sonona wanatumia kiasi kidogo, kawaida nusu miligramu kwa kila kilo ya mwili, kwa dripu ya dakika 40. Wapo wanaopata nafuu siku hiyo hiyo, wakati vidonge vya kawaida vinachukua wiki kadhaa. Hata hivyo FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijaidhinisha ketamini kwa ugonjwa wowote wa akili. Ilichoidhinisha Machi 2019 ni ndugu yake, esketamini ya kupuliza puani iitwayo Spravato, na hiyo huruhusiwi kuibeba kwenda nayo nyumbani. Unaitumia kliniki, unapimwa presha, unaangaliwa angalau saa 2, na gari huendeshi mpaka kesho yake ukishalala vizuri.

Sasa hii ya posta ilitoka wapi? Ni corona. Mwaka 2020 serikali yao ililegeza masharti, daktari akaweza kuandika dawa za namna hii kwa video tu bila kukuona ana kwa ana. Makampuni yakachangamkia tenda, yakaanza kutuma vidonge vya kuyeyusha mdomoni. Vidonge hivyo huchanganywa na maduka maalum ya dawa, na FDA haivikagui usalama wala ubora kabla havijauzwa.

Oktoba 2023 FDA ikatoa onyo. Ilieleza kisa cha mgonjwa aliyetumia ketamini ya kumeza nje ya kituo cha afya, pumzi ikazidiwa, na damu ilipopimwa ikaonekana kiwango ni kama mara mbili ya kile cha mtu anayelazwa kwa upasuaji. Mara mbili! Na hayuko hospitali.

Madhara ya kawaida ni kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, presha kupanda, na ile hali ya kujiona umetoka nje ya mwili wako. Wengine hiyo ya mwisho inawatisha sana. Ukichanganya na pombe, dawa za usingizi au dawa kali za maumivu, hatari ya pumzi kupungua inaongezeka. Ukiitumia mara kwa mara kwa muda mrefu inaweza kuharibu kibofu, mkojo unauma na kutoka na damu, na mwili unaweza kuizoea ukawa unataka zaidi.

Watu wanapenda kumtaja Matthew Perry, yule mwigizaji aliyefariki Oktoba 2023. Tuwe wakweli, ketamini iliyomuua haikuwa ya matibabu yake ya kliniki, alikuwa anaipata kwa njia za panya. Ila alikuwa peke yake, ndani ya maji.

Kwa hiyo dada, kabla hujalipa waulize: nani atapima presha yangu siku hiyo, na nikizidiwa nani anapokea simu? Waambie dawa zote unazotumia, na kama una presha ya juu, mimba, au uliwahi kusikia sauti zisizokuwepo, usifiche. Awepo mtu mzima asiyelewa chumbani. Dawa zako za zamani usiziache ghafla bila daktari. Na ukipatwa na mawazo ya kujiua, huko Marekani piga 988, saa yoyote.

Wadau mliowahi kuitumia, semeni hapo chini ilikuwaje, hata bila jina.