Fahamu: Kiraka kinachofunika ubongo baada ya ajali ya kichwa

Bodaboda imegongwa Mkolani, kwenye barabara ya Mwanza kwenda Shinyanga. Majeruhi amepelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, hajitambui. Ndugu walioko nje wanaambiwa kuwa fuvu litafunguliwa, na huenda utando wa ubongo ukawekewa kiraka. Kiraka hicho ni nini, na ndugu waulize nini kabla ya kuweka sahihi?

Kwa nini kiraka?

Ubongo umefunikwa na tando tatu. Utando wa nje ndio mgumu kuliko yote. Huzuia maji yanayouzunguka ubongo yasivuje, na vijidudu visipenye.

Kichwa kikigongwa, damu inaweza kuvilia ndani, au ubongo ukavimba. Fuvu halitanuki, hivyo ubongo hubanwa, na mgonjwa anaweza kufa. Daktari hutoa kipande cha mfupa, hupasua utando wa nje na kuondoa damu. Ubongo ukiwa umevimba, utando huo hautoshi tena, kama shati lililokuwa likikutosha kabla hujanenepa. Kuulazimisha ni kuubana ubongo upya. Kiraka huongeza nafasi, na bado ubongo unabaki umefunikwa.

Kinatoka wapi?

Kwanza, mwilini mwa mgonjwa mwenyewe. Daktari huchukua utando mwembamba ulio kati ya ngozi ya kichwa na fuvu, utando wa msuli ulio juu ya sikio, au ule wa paja. Haununuliwi, na mwili haukatai kilicho chake. Ila kuuchukua huongeza muda wa upasuaji, ukitoka pajani huacha kidonda kingine, na ule wa kichwani huenda umechanwa na ajali.

Pili, kwa wanyama. Kuna viraka vya utando unaozunguka moyo wa ng'ombe, na vingine vya kolajeni ya ng'ombe au nguruwe. Kolajeni ni nyuzi zinazoipa ngozi na mishipa uimara wake. Viraka hivi husafishwa kiwandani. Vile vya kolajeni, seli za mgonjwa huingia polepole na kujenga utando mpya.

Tatu, viwandani, kwa malighafi za jamii ya plastiki. Baadhi yake haziyeyuki mwilini, na zikipata maambukizi huenda zikalazimika kuondolewa.

Kiraka cha kununua si lazima kiwe bora kuliko cha mwili wa mgonjwa. Hospitali isipokuwa na cha dukani, haina maana kwamba mgonjwa amekosa tiba.

Funzo kutoka Japani

Zamani ulitumika pia utando wa watu waliofariki. Mwaka 1987 iliripotiwa Marekani kuwa mgonjwa aliyewekewa utando wa aina hiyo alipata ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, unaoharibu ubongo na usio na tiba. Baadaye Japani iligundua wagonjwa zaidi ya 100 wa namna hiyo. Mwaka 1997 Shirika la Afya Duniani lilishauri utando huo usitumike tena. Ndiyo maana ni haki yako kuuliza kiraka kimetoka wapi.

Muulize daktari

• Je, utando wa mgonjwa mwenyewe unaweza kutumika?
• Kama ni cha kununua, ni cha ng'ombe, nguruwe au cha kiwandani? Kama imani yenu inagusa jambo hili, semeni mapema.
• Gharama yake ni kiasi gani, na bima inalipia?
• Mfupa uliotolewa utarudishwa lini?

Mkirudi nyumbani

Mrudisheni hospitali haraka mkiona maji meupe kama ya kunywa yakitoka kwenye kidonda, puani au sikioni. Homa, shingo kukakamaa, degedege, kutapika sana au usingizi usio wa kawaida. Maji hayo yanaweza kuwa ya ubongo. Msizibe pua wala sikio kwa pamba. Kama mfupa haujarudishwa, sehemu hiyo ni laini: isigongwe wala kulaliwa.

Kiraka hufunika ubongo. Hakiponyi sehemu iliyokwisha kuumia. Kwa hiyo kofia ngumu bado ndiyo kinga ya kwanza, kwa dereva na kwa abiria, hata kama safari ni ya kutoka Mkolani hadi Nyegezi tu.