Riba Hii Inarudi kwa Nani?

Katika milima ya Uluguru, Tanzania, kuna mashamba mengi na hati chache. Kwa mila ya Waluguru, ardhi hufuata ukoo wa mama. Anayelima kabichi Mgeta au viungo Kinole mara nyingi analima ardhi ya ukoo, na ardhi ya ukoo haiwekwi rehani kwa matakwa ya mtu mmoja. Benki ikidai dhamana, mazungumzo yameishia hapo. Ndiyo maana mkopo wa milimani huegemea watu. Mapokeo ya kukopeshana kwa kuaminiana ni mengi, na njia nzuri ya kuyalinganisha ni kuuliza: riba ikishalipwa, inakwenda wapi?

Upatu hauna riba. Kila mmoja anatoa kiasi kilekile, mmoja anachukua zote, zamu inazunguka. Zanzibar wanauita kibati. Wasomali wana hagbad yao. Wa kwanza kupokea amekopa bure, wa mwisho ameweka bure. Kasoro yake ni kwamba zamu haijui msimu: mbegu na mbolea zinatakiwa kabla ya masika, na zamu yako inaangukia Septemba.

Kikundi cha hisa kimeiziba kasoro hiyo: mwanachama anakopa anapohitaji. Mfumo huu ulianzishwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991, na Tanzania una ndugu yake, VICOBA. Sanduku lina kufuli tatu, na kila ufunguo una mtunzaji wake. Hisa ikinunuliwa, muhuri unagongwa kwenye kitabu cha mwanachama, na fedha zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Riba inaweza kuzidi ya benki, ila mzunguko ukiisha hugawanywa kwa hisa. Hata hivyo usawa si kamili: mwenye hisa chache anayekopa sana humnufaisha jirani mwenye hisa nyingi anayekopa kidogo.

Friedrich Wilhelm Raiffeisen aliliona tatizo hilo mapema. Chama cha mikopo alichokianzisha Heddesdorf, Ujerumani, mwaka 1864, kilikuwa cha wakulima waliodhaminiana kwa mali zao zote. Katika vyama vyake, faida iliwekwa kwenye akiba isiyogawanywa, ikabaki kijijini kwa ajili ya mkopaji wa kesho.

Kisha ikaja simu. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na leo mkopo hupatikana bila kikao wala mdhamini. Kwa mama mwenye mgonjwa usiku, hilo ni jambo kubwa. Lakini riba yake haina siku ya mgawo. Inateremka mlima na hairudi. Tena baadhi ya programu za mikopo zisizo na leseni huwatumia ndugu na marafiki wa mdaiwa ujumbe wa kumwaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imewapanga watoa huduma katika madaraja manne. Wakopeshaji wasiopokea amana wako katika la pili, SACCOS la tatu, na vikundi vya kijamii la nne, vikisajiliwa kupitia halmashauri. Januari 2024 Benki Kuu nayo ilianza kuongoza sera ya fedha kwa riba yake, ikianza na asilimia 5.5 kwa mwaka. Namba hiyo husomwa na mabenki. Haijapanda hadi Mgeta, ambako riba ya kikundi huamuliwa na katiba ya wanachama.

Kudhibiti kiwango cha riba ni kazi halali, ila hakutoshi. Asilimia ileile ni akiba mikononi mwa kikundi na ni hasara mikononi mwa programu. Msimamizi angewataka wakopeshaji wa simu waeleze, kwa kila mkoa, riba waliyokusanya na kiasi walichokikopesha tena hukohuko, tungeweza kupima ujumuishi wa kifedha kwa faida inayobaki kwa mkulima. Kuhesabu laini zilizosajiliwa kunatuambia tu wateja ni wangapi.