Kuchonga kwa Kompyuta au Kuonyesha Mtandaoni: Kijana Aanze na Ipi?

Mpwa wangu alinijia baada ya Ishaa na akiba yake yote, pesa alizodunduliza kwa miezi akiuza dukani. "Mjomba," akaniambia, "nataka kulipia ZBrush. Lakini rafiki yangu ashikilia kuwa napoteza pesa, nijifunze Three.js. Nishike ipi?" Fundi mmoja wa milango huku Mji wa Kale alikuwa amemuahidi kazi: aiweke milango yake kwenye tovuti, mteja aliye Muscat au Dubai aweze kuuzungusha mlango kwa kidole kabla hajatuma malipo. Akiba yenyewe yatosha kujaribu mara moja tu. Akikosea, arudi dukani.

Swali hili nimeulizwa na vijana wengi, basi naliandika nilivyomjibu.

Kilichomchanganya ni kudhani kwamba vitu hivi viwili vyashindana. ZBrush ni patasi. Wapewa donge mfano wa udongo ndani ya kompyuta, walivuta, walibonyeza, walikwaruza mpaka litoe ua la nakshi. Three.js ni baraza la duka: ndiyo inayousimamisha mlango, inayowasha taa, inayomruhusu mteja auzunguke. Patasi haiuzi, na baraza halichongi.

ZBrush ilitengenezwa na kampuni ya Pixologic, na sasa imo mikononi mwa Maxon, wanaoitoza kwa mwezi au kwa mwaka. Sifa yake haina ubishi. Yabeba pembetatu milioni nyingi, na pembetatu ndizo zinazoshonwa pamoja kuwa umbo, bila kudai kadi ya michoro ya bei kubwa. Yategemea zaidi prosesa na memori ya mashine. Anayetaka kuchonga wanyama wa filamu atafika huko siku moja. Lakini kwa mlango wa mteja wa kwanza, Blender yatosha kabisa. Ina sehemu yake ya kuchonga, na ni bure. Hadithi yake naipenda: mwaka 2002 ilikuwa karibu kufa pamoja na kampuni iliyoimiliki, watumiaji wakachanga yuro 100,000, ikakombolewa ikawa ya kila mtu. Ikipewa pembetatu nyingi mno huanza kukokota miguu, hilo sikatai.

Three.js ilitolewa mwaka 2010 na Ricardo Cabello. Haiuzwi. Huandikwa kwa JavaScript, na hufanya kazi ndani ya kivinjari kwa njia ya WebGL, ambayo simu nyingi za leo zaijua, kwa hiyo mteja hana haja ya kupakua programu yoyote. Babylon.js, iliyozaliwa Microsoft mwaka 2013, ni ndugu yake na huja na vifaa vingi zaidi ndani. Kwa kazi ya kuonyesha mlango mmoja sioni tofauti ya kukukosesha usingizi.

Sasa lile lililonigharimu mwenyewe. Mlango wangu wa kwanza niliuchonga kwa wiki tatu. Mfaa peke yake, ule mti wa katikati wenye nakshi nyingi, ulinila siku nne. Nikautia kwenye ukurasa kama ulivyo, na pembetatu zake milioni nne, faili ya karibu megabaiti 100. Kwenye laptopu yangu ulipendeza. Mteja akaufungua kwa simu, bando likaliwa, skrini ikaganda, akanijibu kwa neno moja: "Haifunguki." Sikumsikia tena. Nilijua kuchonga, lakini sikujua mlango utaingia vipi dukani.

Njia ya sawa ni kuwa na milango miwili. Wa kwanza ni mzito, wenye kila ua na kila mkwaruzo. Wa pili ni mwepesi, tuseme pembetatu 40,000, wenye umbo lile lile kwa nje. Halafu nakshi ya mlango mzito hugeuzwa kuwa picha inayovikwa ule mwepesi, nayo picha hiyo huiambia taa ilalie wapi na ikwepe wapi, hata jicho lidhani pamechimbwa. Wenyewe kazi hii huiita kuoka, kama mkate wa mofa, na Blender yaifanya. Ukimaliza, hifadhi kwa muundo wa GLB, unaobeba umbo na picha zake ndani ya faili moja. Mlango wangu ule ule ulishuka hadi megabaiti tatu hivi.

Nilipomweleza fundi, yeye hakujali megabaiti. Aliuliza, "Na mtu akiiba nakshi yangu?" Ni swali la haki, maana mtindo wake aliupokea kwa babake. Ukweli ni kwamba chochote kinachoonekana kwenye kivinjari kimeshateremshwa kwenye simu ya anayekitazama, na mjuzi aweza kukihifadhi. Hakuna kufuli la kuaminika. Lakini anayeiba mlango mwepesi apata ubao bapa uliovikwa picha. Kuutia kwenye mashine ya kuchonga mbao inayoendeshwa na kompyuta, itoke nakshi ile ile, si kazi rahisi. Ule mzito usitoke nyumbani. Nilimsisitizia mpwa wangu: faili hiyo ni mali ya fundi, mkabidhi, na usiitie mtandaoni hata kwa kujisifu.

Basi aanze na ipi? Kama mkono wako wapenda kuchora, anza na Blender, na kwa kuonyesha tumia model-viewer ya Google, iliyojengwa juu ya Three.js, mistari michache tu na mlango wazunguka. Three.js yenyewe itakuja utakapotaka mlango ufunguke na mteja aingie ukumbini. Kama wapenda kuandika msimbo kuliko kuchora, geuza njia: jifunze Three.js, na umbo mwachie mwenzio. Na kama hujui wapenda lipi, fungua SculptGL, programu ya kuchonga iliyo ndani ya kivinjari chenyewe, bila kulipa wala kusajili. Ichezee jioni mbili. Ukiona saa zimepita bila kujua, mkono wako ni wa patasi.

Mpwa wangu aliichezea hadi karibu na Alfajiri. Pesa hakuilipia programu yoyote. Amenunua memori ya kuongeza kwenye laptopu yake, na juzi alikuwa kwa fundi na kamba ya kupimia, anapima miimo.