Nasaba ya Senti Yenye Tundu

Miasenyi ni ya njia, na habari hii nayo ni ya njia. Atokaye Mombasa hupita Mazeras, Mariakani, Samburu na Taru, akafika Mackinnon Road, kisha Miasenyi, kisha Maungu, ndipo Voi. Fedha ya Kiingereza iliyopanda bara ilipita hapa, mwanzo kwa miguu ya wapagazi, kisha kwa gari la moshi. Kwa hiyo ubishi mmoja wa wakusanyaji wa sarafu unapasa kuamuliwa hapa. Wengi wao husema mfalme Edward VIII hakupata sarafu iliyotumika, na kwamba zilizopo ni za majaribio tu, zimefungiwa ndani ya makabati ya Uingereza. Hivyo sivyo. Mfalme huyo alikuwa na sarafu, ikanunua chumvi na kiberiti na kulipa kodi katika nchi hii. Nasaba yake ndiyo hii.

Kabla ya Waingereza ilikuwako reale ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780 hata ikifuliwa miaka 100 baadaye. Ikaja pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, yenye mizani na mwaka wa Hijria 1299. Taveta na Milima ya Taita, misafara ilipitisha zaidi nguo na ushanga.

Kisha ikaja Kampuni. William Mackinnon, Mskoti mwenye meli, alipata mkataba wa pwani kwa Barghash mwaka 1887, na Septemba 1888 Kampuni yake ya Imperial British East Africa ikapewa hati ya kifalme. Mwaka huohuo ikaagiza fedha yake. Pesa za shaba zilifuliwa Calcutta na Birmingham. Rupia za fedha zilitoka Birmingham kwa Heaton, na mwaka 1890 zikafuata nusu rupia na vipande vidogo. Zote zina jina la Mombasa. Ndizo sarafu za kwanza za Kiingereza zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi hii, na mkusanyaji wa Kenya asiye na hata pesa moja ya 1888 bado hajaanza. Upande mmoja wa pesa hiyo una mizani, kwa kufuata pesa ya Barghash, na mwaka wa Hijria 1306. Upande wa pili una jina la Kampuni na maneno ya Kiingereza ambayo kwetu ni Nuru na Uhuru.

Maneno hayo hayapiti hivihivi Taita. Mwaka 1890 Kampuni ilianza kukata barabara kutoka pwani kwenda bara, ikaipa jina la Mackinnon, na jina hilo limebaki katika mji ulio jirani na Miasenyi hadi leo. Wataita waliokuwa wakitoza misafara iliyopita kwao waliona nchi inachukuliwa. Mwangeka akawaongoza kupigana, na mwaka 1892 askari wa Kampuni wakamuua. Mwenye kuiweka rupia ya Mombasa mezani na kuisifu kwa uadimu wake, na aisome pamoja na jina la Mwangeka, maana fedha na bunduki zilitoka mfuko mmoja. Mackinnon alikufa mwaka 1893. Kampuni ikaishiwa, na Julai 1895 serikali ya Uingereza ikaitwaa nchi.

Reli ikaanzwa Mombasa mwaka 1896. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, nao walilipwa rupia za India zenye kichwa cha Victoria. Ndiyo sababu hesabu ya nchi nzima ikawa ya rupia, na serikali ikatoa pesa zake za shaba za mwaka 1897, 1898 na 1899, 64 kwa rupia moja. Sarafu hizo ni za siku zilezile reli ilipovuka nyika ya Taru, ikafika Voi na kukwama Tsavo kwa ajili ya simba wala watu wa mwaka 1898.

Hapa lazima atajwe Sayyid Baghali Shah. Kaburi lake na msikiti wake viko kando ya reli pale Mackinnon Road, na hakuna dereva wa njia hiyo asiyevijua. Alikuwa Mpunjabi, mtu wa kazi ya reli. Husimuliwa kwamba wenzake walipojitwika makarai ya udongo na zege, karai la kwake lilielea hewani juu ya kichwa chake bila kumgusa, akitembea nalo hivyohivyo huku watu wakitazama. Aliaga dunia humohumo katika ujenzi. Wasafiri wa dini mbalimbali bado husimama, wakaomba dua na kutoa sadaka kabla ya kuendelea.

Turudi kwenye nasaba. Mwaka 1906 rupia ilikuwa imekwisha gawanywa kwa senti 100, zikatoka senti 25 na 50 za fedha. Mwaka 1907 akazaliwa mzazi wa ukoo wote: senti yenye tundu katikati. Senti 10 ilikuwa ya shaba nyeupe yenye nikeli, na senti 1 ilikuwa ya alumini. Senti hizo ndogo ni miongoni mwa sarafu za kwanza duniani kufuliwa kwa alumini kwa matumizi ya kila siku. Alumini haikustahimili hewa ya Afrika, ikaliwa na kuchakaa upesi, na kufikia mwaka 1909 senti ndogo zikawa za shaba nyeupe. Alumini ya 1907 na 1908 iliyo safi, isiyo na madoa, ni kitu cha kutafutwa kwa bidii. Tundu nalo lilikuwa na kazi. Senti zilitungwa kwenye uzi zikafungwa kiunoni au shingoni, nazo zilibaki salama kwa mtu asiye na mfuko.

Vita vya 1914 viliufanya mkoa huu kuwa uwanja. Wajerumani waliishika Taveta mwezi Agosti, wakawa wanaivizia reli. Waingereza wakajenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Maktau na Taveta, na Februari 1916 wakapigwa Salaita. Mwaka huohuo Wajerumani, waliozingirwa huku bahari ikiwa imefungwa, walifua fedha yao wenyewe katika karakana ya reli ya Tabora. Walitoa heller za shaba na za shaba ya njano, wakatoa na dhahabu ya rupia 15, iliyochimbwa Sekenke, vipande vipatavyo 16,000. Kwenye dhahabu hiyo kuna ndovu aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Ni sarafu ya adui, haimo katika nasaba hii, lakini hakuna mkusanyaji wa Afrika Mashariki asiyeiota.

Baada ya vita Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London, mwishoni mwa 1919. Rupia ilikuwa imepanda bei kwa sababu ya fedha kupanda duniani. Mwaka 1920 ikafungwa kwa shilingi 2 za Kiingereza, ikatolewa floreni kuishika nafasi yake, na wenye madeni wakalia. Floreni haikudumu. Mwaka 1921 ikaja shilingi, yenye simba na milima nyuma yake, fedha yake ikiwa robo tu na iliyobaki ni madini ya bei nafuu. Floreni zilirudishwa, sehemu kubwa zikayeyushwa. Kwa hiyo sarafu za 1920, za thamani zote, ndizo mwanya mgumu zaidi kuzibwa katika mkusanyo wowote wa nchi hii.

Senti 1, ndururu (senti 5) na peni (senti 10) zikawa za bronzi. Upande mmoja una taji juu ya tundu na jina la mfalme kwa Kilatini. Upande wa pili una pembe mbili za ndovu zilizopinda kulikumbatia tundu, na maneno EAST AFRICA pamoja na mwaka. Wenyeji wa Tsavo hawahitaji kuelezwa pembe hizo ni za nini.

Aina za sarafu hizo hutofautishwa kwa herufi ndogo, na hapo ndipo kazi ya mkusanyaji ilipo. H ni Heaton wa Birmingham. KN ni King's Norton, jirani yake. A, inayoonekana kwenye baadhi ya sarafu za 1920, ni Ackroyd & Best wa Morley. SA ni Pretoria, na I ni Bombay. Hizi mbili ni za miaka ya vita vya pili, bahari ilipokuwa na hatari na kazi ikagawiwa viwanda vya mbali. Isiyo na herufi ni ya London. Herufi hizohizo ndizo zinazowahangaisha wakusanyaji wa peni za Uingereza yenyewe, wanaotafuta KN za 1918 na 1919 na kulipa vizuri wakizipata. Mtu wa Voi mwenye kopo la senti za babu yake anaweza kufanya kazi ileile kwa kioo cha kukuza. Mwaka mmoja unaweza kuwa na sarafu tatu tofauti, na anayetazama mwaka bila herufi atatupa iliyo bora. Zipo pia zilizoharibika kiwandani, tundu likaenda upande au likakosekana kabisa, nazo hupendwa kuliko nzima.

Sasa Edward. George V alikufa tarehe 20 Januari 1936, na mwanawe akashika ufalme. Desturi tangu Charles II ilikuwa kila mfalme ageuze uso upande ulio kinyume na wa aliyemtangulia. George alitazama kushoto, kwa hiyo Edward alipaswa kutazama kulia. Akakataa, akitaka upande wa kushoto, ambao aliuona kuwa mzuri wa uso wake. Kazi ya kutengeneza picha ikachukua miezi. Tarehe 11 Desemba 1936 ufalme ukamtoka kwa sababu ya kutaka kumwoa Wallis Simpson, na Uingereza ilikuwa haijatoa hata sarafu moja yenye uso wake.

Lakini Afrika Mashariki ilihitaji chenji, na peni ya tundu haikuwa na haja ya uso. Ilihitaji jina tu. Kwa hiyo mwaka 1936 zilifuliwa ndururu na peni zenye jina EDWARDVS VIII, zikapakiwa, zikashuka Mombasa na kupanda njia hii. Zanzibar nayo iliingia katika Bodi mwaka huohuo, ikaacha rupia. Hakuna aliyezifungia kabatini. Zilifungwa pindoni mwa leso, zikahesabiwa juu ya meza za maduka ya Wahindi. Fiji, New Guinea na Afrika Magharibi ya Waingereza nazo zilipata za namna hiyo.

Peni hiyo ishikwe mkononi. Upana wake wapita sentimita 3, nzito, rangi ya kahawia ya kahawa iliyokaangwa. Itafutwe kwanza taji: misalaba yake ikionekana bado, sarafu haikuchoka sana. Kisha zisomwe herufi za jina kuzunguka ukingo, maana peni ya George V ya miaka ya nyuma inafanana nayo kabisa kwa mtazamaji wa haraka, na wengi wameiacha ya Edward ipite kwa kutosoma. Mwisho itafutwe H au KN. Isisuguliwe kwa ndimu wala majivu, kwa kuwa ngozi ya kahawia iliyojijenga kwa miaka ndiyo heshima ya bronzi, na ikitolewa hairudi. Isiwekwe katika plastiki laini ya bei rahisi, ambayo huitia shaba ukijani wa kunata. Karatasi kavu yatosha.

Voi ina lake la kusema juu ya mfalme huyo. Kabla ya kutawala, alipokuwa mwana wa mfalme, aliwinda Kenya mwaka 1928 na tena 1930, na aliyemwongoza porini ni Denys Finch Hatton. Tarehe 14 Mei 1931 Finch Hatton aliruka kwa ndege yake ndogo ya Gipsy Moth kutoka kiwanja cha Voi, ndege ikaanguka palepale na kuwaka moto, akafa pamoja na mtumishi wake. Alizikwa vilima vya Ngong. Miaka 5 baadaye jina la mfalme aliyeongozwa naye likapita Voi likiwa limeandikwa kwenye shaba.

Akafuata George VI, akitazama kushoto kana kwamba ndugu yake alitazama kulia. India ilipopata uhuru mwaka 1947, cheo cha mfalme wa India kiliondolewa kwenye sarafu zake. Shilingi ikapoteza fedha yote, ikawa ya shaba na nikeli, na ya mwisho ina mwaka 1952. Elizabeth hakupata shilingi hapa. Alipata senti na sumuni (senti 50) tu. Mwaka 1964 zikatoka ndururu na peni zisizo na taji wala jina la mtawala, pembe za ndovu zikabaki. Mwaka 1966 Benki Kuu ya Kenya ikaanza, na sarafu za Jomo Kenyatta zikatoka bila tundu.

Januari 2020 sovereni ya dhahabu ya Edward VIII, ya mwaka 1937, iliyokuwa ya majaribio na haikununua hata mkate, ilinunuliwa Uingereza kwa pauni milioni 1. Peni yake ya 1936 bado hupatikana kwa bei ndogo, kwa sababu zilifuliwa kwa wingi na zilitumika. Hayo mawili yasichanganywe. Bei ya sovereni ni bei ya uchache wake. Ikiulizwa ni sarafu ipi iliyoufanyia kazi utawala wa Edward, ikapokewa na kurudishwa kama fedha ya mfalme aliyeko, ile ya dhahabu haina ushahidi wowote, na ya shaba imechakaa kwa ushahidi. Atakayepanga sarafu za mfalme huyo kwa haki na aanze na peni ya tundu, H na KN na ya London, kisha ndururu yake, ndipo majaribio ya London yafuate.