Risasi Mbili na Kisu Kisicholetwa

Wengi hudhani kwamba mahakamani swali ni moja tu: amefanya au hakufanya? Lipo swali la pili, nalo ni zito vilevile: ushahidi umepatikanaje, na umetunzwaje? Kesi ya Kuruma mwana wa Kaniu, ya huko Kenya, inalionyesha wazi.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Kuruma, akiwa na baiskeli, alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani na kupekuliwa. Polisi walisema walimkuta na risasi mbili na kisu kidogo. Yeye alikana. Kwa kanuni za wakati ule, aliyekutwa na risasi bila idhini aliweza kunyongwa. Lakini kanuni hizo hizo zilitaka upekuzi wa namna ile ufanywe na ofisa mwenye cheo cha inspekta msaidizi au zaidi. Waliompekua hawakufikia cheo hicho.

Wazee wa baraza walishauri aachiliwe. Hakimu hakuwafuata, akamhukumu kifo. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikakubaliana naye, na Desemba 1954 Baraza la Faragha huko London likaitupa rufani ya mwisho. Lord Goddard alieleza kwamba kinachotazamwa ni kama ushahidi unahusika na kesi. Jinsi ulivyopatikana haiihusu mahakama, ingawa hakimu ana hiari ya kuukataa akiona utamwonea mshtakiwa. Hata hivyo majaji hao hawakutulia moyoni. Kisu hakikuletwa mahakamani, na watu watatu waliosemekana kuuona upekuzi hawakuitwa.

Nilipofundisha chuo cha ualimu, kesi hii iliwagawa wanachuo wangu kila mwaka. Wengine walisema risasi ni risasi, hata ikikutwa na mtu asiye na cheo. Hoja hiyo ina nguvu, wala sikuidharau. Lakini niliwauliza: ikiwa mvunja kanuni anapokelewa yeye na ushahidi wake, kanuni hiyo inamlinda nani? Na kama kisu hakionekani, tutapimaje maneno ya aliyesema alikiona?

Marekani Mahakama Kuu ilianza kuukataa ushahidi wa namna hiyo mwaka 1914 katika mahakama za shirikisho, na mwaka 1961 katika majimbo yote. Kwetu Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 ilimtwika anayeuleta ushahidi uliopatikana kinyume cha sheria mzigo wa kuiridhisha mahakama kwamba kuupokea kuna manufaa kwa umma, bila kuziumiza mno haki za mtu. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 50, inaagiza ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za msingi ukataliwe ikiwa utaharibu usawa wa kesi au kuidhuru kazi ya kutoa haki.

Sheria hizo zilikuja Kuruma amekwisha kuhukumiwa. Ndugu msomaji, ukisikia mtu analalamika kwamba mahakama imemwachia mshtakiwa kwa sababu ya upekuzi mbovu, mweleze habari za kisu kile.