Bia ya Nani, Pombe ya Nani?

Mwambie mzee wa Kibukusu aliyetoka kwenye chungu kwamba amekunywa bia, naye atakusahihisha. Bia iko kwenye chupa, katika baa za Bungoma mjini, magharibi mwa Kenya. Yeye amekunywa kamalwa, tena kwa lusekhe, ule mrija mrefu ambao kila mzee aliyezunguka chungu hutumbukiza wake. Kiswahili kikifika hapo husema "pombe", kikapita. Bia upande mmoja, pombe upande mwingine: nani aliyeuchora mpaka huu?

Tuulize chungu kabla ya kamusi. Kamalwa, au busaa kama inavyoitwa kuanzia Kitale hadi Bungoma, huanza na unga wa mahindi uliokandwa na kuachwa siku kadhaa uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati mpaka ugeuke rangi, ukatiwa maji na kimea cha wimbi, ukachachuka tena na kuchujwa. Kimea ni nafaka iliyoachwa imee. Wabukusu husema kamamela, na masikio yenyewe yanatambua undugu wa maneno hayo. Sasa nenda kiwandani. Huko nako shayiri huoteshwa, hukaushwa, huchemshwa, hutiwa chachu. Kwa kipimo cha chungu, busaa ni bia.

Chang'aa ni jambo jingine. Hiyo hukenekwa: kangara huchemshwa, mvuke ukapoozwa, matone yakakingwa. Hata hivyo, kwa muda mrefu busaa na chang'aa zimewekwa kapu moja la "pombe za kienyeji", kana kwamba uji na mafuta ya taa ni kitu kimoja kwa sababu vyote humiminika.

Nadhani kosa linatokana na tabia ya zamani: jina la kinywaji hufuata mdomo, halifuati chungu. Si sisi tu. Katika London ya karne ya 18 kulikuwa na bia nyeusi iliyoitwa porter, yaani mpagazi, kwa kuwa wapagazi wa mjini ndio walioipenda. Raia wengine walikunywa bia hafifu, hata watoto. Baharia wa jeshi la Uingereza naye alikuwa na posho ya galoni moja ya bia kwa siku, karibu lita nne na nusu. Nafaka ni ileile; kilichobadilika ni anayekunywa, na jina likabadilika naye.

Kwetu wanajeshi pia waliacha maneno. Mwaka 1895 afisa wa Uingereza Charles Hobley aliongoza kikosi kilichowapiga Wabukusu penye ngome ya Chetambe, karibu na Webuye ya leo. Miongoni mwa askari wake walikuwamo Wasudani. Katika Misri na Sudani, bia nzito ya nafaka huitwa buza. Waturuki husema boza, na Evliya Çelebi, msafiri wa karne ya 17, aliandika jinsi maduka ya boza yalivyojaa Istanbul na jinsi wanajeshi walivyoipenda. Buza, boza, busaa: sikio linashtuka. Lakini sikio pekee si shahidi wa kutosha mahakamani, na mpenda maneno mwadilifu huandika mfanano huo pembeni bila kutoa hukumu.

Ushahidi wa neno waragi, kileo cha kukenekwa cha Uganda, una nguvu zaidi. Mitaani husemwa ni jini ya vita, kwa Kiingereza kilichovunjika. Sivyo. Asili yake ni neno la Kiarabu araq, yaani jasho, kwa vile matone ya kukeneka hutoka kama jasho usoni. Anayedharau lugha za walevi na aniambie ni mshairi gani angetunga picha bora zaidi.

Neno kamalwa, kwa upande wake, halikuletwa na jeshi lolote. Ukivuka Malaba kuingia Uganda, Waganda na Wateso wanakunywa malwa kwa mirija ileile. Shuka hadi Zambia usikie ubwalwa, fika Botswana usikie bojalwa. Ni ukoo mmoja wa Kibantu, na umetembea mbali kuliko jeshi lolote lililopita hapa.

Basi mpaka ule wa bia na pombe ulichorwa lini? Mwaka 1919 mashamba ya Trans Nzoia yaligawiwa wazungu waliopigana Vita vya Kwanza. Mwaka 1922 Kenya Breweries ilianza kupika, na bia yake ya Tusker, yaani tembo mwenye pembe, ikapata jina lake baada ya tembo kumuua mmoja wa waanzilishi, George Hurst. Kiswahili kilikuwa kimeutangulia mzaha huo: tembo ni mnyama, tembo pia ni kinywaji cha mnazi. Lakini mpaka miaka ya 1940 sheria haikumruhusu Mwafrika kununua bia ya chupa. Mwanajeshi mstaafu wa Kitale alikunywa bia. Kibarua aliyemlimia mahindi, akalipwa posho ya unga wa mahindi hayohayo, alikunywa "pombe ya kienyeji". Sheria hiyo imekufa. Msamiati wake ungali hai midomoni mwetu.

Nawasihi basi watunga kamusi wagawe kwa chungu. Kileo kiwe jina la jumla. Bia iwe ya nafaka na kimea. Divai, tuliyoichukua kwa Wafaransa, ibaki ya zabibu. Mvinyo, ambao Wareno walituachia ukimaanisha divai na sisi tukaupeleka hadi kwenye vileo vikali, ubaki na vilivyokenekwa, chang'aa na waragi vikiwemo. Na penye neno busaa paandikwe bila kuona haya: bia ya mahindi na wimbi. Kibarua wa Trans Nzoia alikuwa akinywa bia siku zote. Alinyimwa neno tu.